Eti Karamoja ilikuwa ukingo wa bara? Wajuzi wa mawe njooni huku

#1 Mpakiaji_Kosiroi
Salaam wakuu. Kazi yangu ni kupakia marumaru huku Kosiroi, Tapac, wilaya ya Moroto. Kuna injinia alipita na nyundo, akavunja kipande, akakidondoshea asidi kikatoa povu, halafu akatuambia hili jiwe lilikuwa tope la baharini na hapa mnaposimama ndo ulikuwa ukingo wa bara, mashariki yake maji matupu, mpaka ardhi zingine zikaja kugonga moja baada ya nyingine zikagandamana na bara likaongezeka kuelekea Kenya. Vijana walicheka mpaka mmoja akaangusha koleo. Mimi sikucheka ila sikuelewa pia. Hiyo bahari ilienda wapi? Na hizo ardhi zilitoka wapi, maana kutoka hapa mpaka Mombasa mtu analala njiani. Mwenye kujua afunguke, matusi hapana.

#2 Boda_Mbale
Kumbe Wakaramoja walikuwa wavuvi na hawakutuambia. Banange, kumbe zile fimbo zilikuwa makasia. Nakaa mbele hapa na pombe yangu ya malwa.

#3 Mchimba_Busia
Usicheke ndugu, bahari ilikuwepo na ushahidi uko Tororo. Kwani simenti inatengenezwa na nini kama sio chokaa, na chokaa ni makombe ya wadudu wa baharini, tulifundishwa P7. Kwa hiyo maji yalifika mpaka Tororo kabisa, ule mwamba mkubwa wa pale mjini ulikuwa kisiwa.

#4 NyundoNaDira
#3 hapo umechanganya mawe mawili yasiyojuana. Chokaa ya Tororo na ile ya Sukulu, vilima vya jirani yake, haikutoka baharini, ilipanda kutoka chini ikiwa magma. Kuna volkano chache duniani zinazotapika kaboneti badala ya lava ya kawaida, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania inafanya hivyo mpaka leo, na mwamba wa Tororo ni koo la volkano ya aina hiyo iliyokufa zamani na kumomonyoka. Ndo maana Sukulu kuna fosfeti ya mbolea na chuma chenye sumaku. Chukua sumaku ya spika mbovu uiburute kwenye udongo wa pale, utaona vumbi jeusi linavyoinuka na kusimama wima. Marumaru ya Kosiroi ndo ya baharini, chokaa iliyotulia sakafuni, ikafukiwa, ikapikwa na kubanwa mpaka ikawa fuwele tupu. Yote mawili yanatoa povu kwa asidi, kwa hiyo povu peke yake halithibitishi kitu.

Halafu hao wadudu wenye makombe walikuwa hawajatokea. Tunaongea miaka zaidi ya milioni 600 nyuma.

#5 Mchimba_Busia
Mwalimu wangu wa P7 alishakufa, siwezi kwenda kumdai karo. Lakini kwangu povu ni povu. Endelea basi msomi.

#6 NyundoNaDira
Kale. Bara lina kiini. Kwetu kiini ni yale mawe ya kale sana ya Tanzania ya kati ambayo yanapita mashariki ya Ziwa Victoria na kuingia mpaka Busia kwa Mchimba, umri wake unapita miaka bilioni 2.5, na upande wa Kongo na West Nile kuna mengine ya rika hilo. Mashariki ya kiini hicho palikuwa na bahari, wanajiolojia wameipa jina Bahari ya Msumbiji, msiichanganye na mlango wa bahari wa sasa.

Sakafu ya bahari ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, inazama chini ya jirani yake. Inashuka na maji yaliyofungwa ndani ya madini, na yale maji yakitoka huko chini, kilomita kama 100 hivi, yanafanya jiwe la moto lililo juu yake liyeyuke kwa joto ambalo likiwa kavu lisingeyeyuka. Magma inapanda, vinazaliwa visiwa vya volkano kwenye mstari, angalieni Indonesia kwenye ramani. Sasa visiwa ni vinene na vyepesi, kuzama havitaki. Sakafu iliyovitenga na bara ikiisha kumezwa, visiwa vinafika, vinakwama ukingoni, vinakunjwa na kupandishwa juu ya bara, na uzamaji unahamia nyuma yake. Baadaye linakuja kundi lingine. Mawe ya Misri mashariki, Sudani ya Bahari ya Shamu, Eritrea, Ethiopia na Saudi Arabia magharibi kwa sehemu kubwa ni visiwa vya namna hiyo, vya zamani kabisa vina kama miaka milioni 870, vikashonwa kimoja kimoja. Mwisho vikaja vipande vikubwa, Madagaska na India, bara kubwa la Gondwana likakamilika. Karamoja iko kwenye mwendelezo wa mshono huo upande wa kusini.

Kwa hiyo #1, bahari iliingia chini ya ardhi. Vipande vichache viligoma kuzama vikapandishwa juu. Vipo Sekerr, Pokot Magharibi ya Kenya, na vingine upande huu wa Moroto: jiwe la kijani kizito, ukilipitisha kidole linateleza, ukilikwangua kwa msumari linakubali. Hilo lilikuwa chini kabisa ya sakafu ya bahari likanywa maji mpaka madini yake yakabadilika.

#7 Mpakiaji_Kosiroi
Asante ssebo. Hilo la kijani nalijua, wazee wanalichonga.

#8 DerevaWaMalaba
Nimeelewa kwa lugha yangu. Ni foleni ya malori Malaba, la mbele limesimama, la pili breki zimefeli linaingia, la tatu linapanda mgongo wa la pili, ukirudi asubuhi foleni imekuwa fupi lakini imepanda juu, na mzigo wa kila mtu umemwagika kwa mwenzake.

#9 Afande_Mstaafu
Dereva umeeleza vizuri lakini lori lina injini na kuna mlevi ndani. Hayo mabara injini yake iko wapi? Nani anasukuma?

#10 Nakato_KLA
Hilo swali ndo lilimsumbua Wegener, mwanasayansi wa Kijerumani. Alitoa hoja ya mabara kuhama mwaka 1912 na wenzake wakamkataa kwa sababu hakuwa na injini ya kuonyesha, akafa Greenland 1930 bila kukubaliwa. Arthur Holmes wa Uingereza ndo alileta wazo la joto la ndani ya dunia kuzunguka na kubeba mabara, na huyu Holmes kijana aliwahi kutafuta madini Msumbiji mwaka 1911 akaishia kuugua malaria vibaya. Miaka 40 baadaye, 1951, ndo akachapisha kuhusu ule ukanda wa milima iliyochakaa kutoka Msumbiji kuja mpaka huku kwetu. Siku hizi wengi wanasema nguvu kubwa inatoka kwenye ile sakafu inayozama, uzito wake unavuta bamba zima, yaani kile kipande kikubwa cha ganda la dunia, nyuma yake. Mwendo ni sentimita chache kwa mwaka, India ilipokuwa inakimbilia Asia ilipita sentimita 15.

#11 Kijana_wa_Kilembe
Mnazunguka tu, mfano uko Kasese. Rwenzori mita 5,109, nani alizipandisha kama sio hizo ardhi kugongana? Na shaba ya Kilembe ilitoka hapo hapo, reli ilikuja mpaka Kasese 1956 kwa ajili yake. Karamoja nyie mna vilima tu.

#12 NyundoNaDira
Jirani, Rwenzori hazikupandishwa na mgongano. Mawe yake ni ya kale lakini kupanda kwake ni kwa juzi, miaka milioni chache, pale bonde la ufa lilipopasuka pande zote mbili likaacha kipande katikati kikainuka. Ni kinyume kabisa, hapo ardhi inaachana. Ila shaba yako ina hadithi nzuri, iko kwenye ukanda wa Buganda na Toro ambao ni wa karibu miaka bilioni 2, yaani huo nao ni mshono, wa mkutano mwingine uliotangulia huu wa Karamoja kwa zaidi ya miaka bilioni. Uganda imeshonwa zaidi ya mara moja.

#13 Boda_Mbale
Na Elgon yetu? Msije mkasema nayo ni bahari.

#14 NyundoNaDira
Elgon, Kadam, Napak na Mlima Moroto wenyewe ni volkano za baadaye sana, miaka milioni 20 na kitu. Zimekaa juu ya mawe tunayoyajadili. Moroto walipata mabaki ya nyani mkubwa wa zamani, Morotopithecus, kwenye udongo wa wakati wa hizo volkano. Kwa hiyo ukipanda Mlima Moroto unakanyaga lava changa, ukishuka chini ndo unakuta mawe ya mshono.

#15 MzeeWaArua
Wajukuu, mimi nilifanya kazi ya kubeba na kuandika sampuli enzi zile wazungu wa jiolojia bado wapo Entebbe. Wakati wetu haya mawe yote ya kaskazini na mashariki yaliitwa jina moja, mawe ya msingi, basi. Yalipopimwa umri kwa potasiamu na agoni karibu kila kitu cha mashariki kilisema miaka milioni 500, 600. Bwana Kennedy mwaka 1964 akasema hili ni tukio la joto lililopita bara zima akaliita la Kiafrika kote. Joto, hakusema visiwa vimekuja kugonga. Leo mnatuambia visiwa. Kesho mtasema nini?

#16 Nakato_KLA
Shikamoo mzee. Ile saa ya potasiamu na agoni ina udhaifu mmoja, agoni ni gesi, jiwe likipashwa moto gesi inatoroka na saa inaanza upya. Kwa hiyo 500 na 600 mliyokuwa mnapata ni siku jiwe lilipopoa mara ya mwisho, siku ya kuzaliwa kwake haimo. Sasa hivi wanatumia zirkoni, vipunje vidogo kuliko mchanga, wanapima urani inavyogeuka kuwa risasi, ile metali nzito. Zirkoni haifutiki kirahisi, wakati mwingine punje moja ina kiini cha miaka bilioni 2.6 na ganda la nje la milioni 640, unaona kabisa jiwe lilizaliwa lini na likapikwa tena lini.

#17 MzeeWaArua
Marahaba binti. Lakini umejijibu mwenyewe. Kama kiini ni bilioni 2.6, basi hilo jiwe ni la bara lilelile la zamani lililopikwa tena. Halikuja kutoka kokote. Kennedy yuko pale pale.

#18 Msafiri_Vancouver
Mzee kagusa penyewe. Huu ndo ugomvi wenyewe wa ukanda huu na haujaisha. Upande wa Tanzania mawe mengi ya ukanda huo ni bara la kale lililopikwa upya kama mzee anavyosema. Ukija kaskazini, Sudani na Ethiopia, wakipima neodimiamu, ambayo inaonyesha jiwe lilitoka lini kwenye tumbo la dunia, wanakuta mengi ni mapya, hayakuwa sehemu ya bara lolote kabla. Kenya na Karamoja ziko katikati, na kwa tunavyojua yote mawili yapo: naisi za kale chini, yaani mawe ya mistari yaliyopikwa na kubanwa, juu yake mashuka ya mawe mapya zaidi, marumaru na yale ya kijani, yamesukumwa kuelekea magharibi yakapanda juu ya ukingo.

Mimi nipo Kanada sasa hivi, kazi ya maghala lakini jiolojia nilisoma. Huku pwani nzima ya magharibi ni vipande vya kuja. Kuna kimoja kinaitwa Wrangellia, walikipa jina 1977 baada ya kuona mawe ya Alaska, ya kisiwa cha Vancouver na ya mpaka wa Oregon na Idaho yanafuatana kwa mpangilio uleule: basalti, yaani lava nyeusi, nene sana, huku Vancouver inafika kilomita 6, ya miaka milioni 230 hivi, juu yake chokaa yenye visukuku vya bahari ya joto. Majirani zake wa pande zote hawafanani nayo. Ilitoka baharini mbali ikaja ikakwama, na baadaye ikakatwa vipande na mipasuko ya pembeni ndo maana imetawanyika.

#19 Afande_Mstaafu
Unajuaje imetoka mbali? Jiwe halina paspoti.

#20 Msafiri_Vancouver
Linayo afande. Lava ikipoa, chembe za chuma ndani yake zinajipanga kufuata sumaku ya dunia na zinabaki hivyo. Karibu na ncha ya dunia zinainama kwenda chini, kwenye ikweta zinalala bapa. Kwa hiyo ukipima mwinamo unajua lava ilipoa latitudo gani. Pale Kayabwe, kwenye alama ya ikweta watu wanapopigia picha, ndo zingelala.

#21 NyundoNaDira
Hapo Kayabwe nikurekebishe kidogo mkuu. Sindano ya leo pale hailali bapa, inainama, kwa sababu ikweta ya sumaku kwa sasa imepita kaskazini yetu. Ukichukua wastani wa maelfu ya miaka ndo unalingana na ikweta ya kawaida, na ndo sababu wanapima lava nyingi sio moja.

#22 Msafiri_Vancouver
Sawa kabisa. Sasa sikilizeni vurugu ya huku. Hizo paspoti za mawe ya pwani ya British Columbia zinasema miaka kama milioni 90 iliyopita yalikuwa karibu kilomita 3,000 kusini zaidi, usawa wa Meksiko. Watu wa sumaku wanaapa. Watu wa ramani na nyundo wanasema sawa, tuonyesheni mpasuko uliobeba kilomita 3,000, maana tukijumlisha yote tunayoijua haifiki. Wengine wakasema granaiti ziliinamishwa baada ya kupoa kwa hiyo mwinamo unadanganya, au kwenye mchanga ule uzito wa juu ulizibana chembe zikalala. Watu wa sumaku wakaenda kupima lava zilizolala juu ya tabaka zinazojulikana zilikuwa bapa, wakarudi na jibu lilelile. Kabla hawajapatana, mwaka 2013 wengine wakatazama chini kwa kutumia mawimbi ya matetemeko, wakakuta chini ya Amerika Kaskazini sakafu za bahari zilizozama zimesimama wima ndani kabisa. Wakasema kitu kikisimama wima ni kwamba uzamaji ulikaa mahali pamoja muda mrefu, kwa hiyo visiwa ndo vilitulia na Marekani ndo ikavifuata kuvigonga. Wapinzani wao nao wana majibu.

#23 DerevaWaMalaba
Yaani lori lililopaki ndo limegongwa, halafu trafiki amempa kosa lililopaki.

#24 Boda_Mbale
Dereva acha malori bana, watu wanasoma.

#25 Mchimba_Busia
Mimi nataka kujua kitu kimoja, dhahabu. Busia tuna dhahabu, Karamoja nao wanachimba Rupa, Amudat, mpaka Kaabong. Hizi ardhi zikigongana ndo zinaleta dhahabu au hapana?

#26 NyundoNaDira
Zinasaidia sana. Ardhi ikibanwa, maji ya moto yanakamuliwa kutoka kwenye mawe ya chini, yanapanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu kidogo kidogo pamoja na silika, yakifika mahali presha inashuka ghafla yanaiacha, ndo ile mishipa ya mawe meupe mnayoifuata shimoni. Lakini ya Busia na ya Karamoja hazina umri mmoja. Yako iko kwenye mawe ya kijani ya kale ya kiini, sio lile la kuteleza la Moroto, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ya Karamoja iko kwenye mshono mchanga. Na jamani zebaki ya kunasia dhahabu msichomee jikoni, mvuke wake ndo unaua, wekeni hata chombo cha kuukamata mvuke.

#27 Mchimba_Busia
Zebaki tunajua afya, shida ni bei ya hicho chombo. Lakini asante. Kumbe yetu ni ya kale zaidi, bei inapaswa kupanda.

#28 Mama_Nakap
Samahani naingilia. Sisi huku Nakapiripirit kila mwaka wanakuja watu na magari, wanapima wanaondoka, baadaye unasikia shamba lina leseni ya mtu wa Kampala humjui. Hao wa kupima mshono wa bara wanafaidika nini, na sisi je?

#29 NyundoNaDira
Mama swali ni la haki na jibu fupi sina. Ila kuna jambo linahusiana na mada: ile kazi ya kupima nchi kwa ndege zenye vyombo vya sumaku na mionzi ilianza 2006 hivi, ikafunika kama asilimia 80 ya Uganda, na Karamoja ikarukwa kwa sababu ya usalama. Kwa hiyo sehemu ambayo ukingo wenyewe unapita ndo ilibaki tupu kwenye ramani. Miaka hii ya 2020 ndo imekuja kupimwa. Ndo maana unaona magari mengi.

#30 Mama_Nakap
Sawa mwanangu. Waambie wapitie kwa LC, mwenyekiti wa kijiji, kwanza wasikanyage mtama.

#31 Opio_Gulu
Hamjagusa kaskazini. Fungueni picha ya satelaiti, mtazame mto Aswa. Mito yote ya Uganda inajipindapinda, huo unatoka kusini mashariki unaenda kaskazini magharibi kukutana na Nile umenyooka kama uzi. Huo ndo mpaka wa vipande, sio Karamoja. Kusini magharibi ni bara la kale, kaskazini mashariki ni walioongezwa.

#32 NyundoNaDira
Aswa ni mpasuko mkubwa kweli, mto unafuata mawe yaliyosagwa kwa sababu ni rahisi kuyachimba. Lakini mpasuko wa pembeni sio lazima uwe mpaka. Vipande vilipogongana mashariki, bara la nyuma lilikosa pa kwenda likateleza pembeni, ng'ambo ikaenda kushoto. Na pande zote mbili za Aswa kuna naisi za kale. Kama ni mpaka mbona ndugu wako kote?

#33 Opio_Gulu
Ndugu wanaweza kutenganishwa na mpaka. Uliza Wacholi wa Magwi, Sudani Kusini, na wa Kitgum.

#34 Nakato_KLA
😂😂 Opio hapo umepiga. Lakini kuna jambo linakusaidia kidogo: kaskazini mashariki yako, Orom kule Kitgum, kuna grafaiti nyingi, lile jiwe jeusi la penseli. Grafaiti ya namna hiyo ni kaboni ya viumbe vidogo vya majini iliyofukiwa kwenye tope na kupikwa. Kwa hiyo tope la bahari lilifika mpaka Orom. Swali ni kama liliwekwa hapo hapo kwenye rafu ya bara letu, yaani sakafu ya maji mafupi ukingoni mwa bara, au lilisukumwa kutoka mashariki likapanda.

#35 MzeeWaArua
Rafu ya bara letu. Nimeona mawe ya Orom, chini yake hakuna kitu kigeni.

#36 Msafiri_Vancouver
Kuna jibu la tatu watu wanalisahau. Wapo wanaosema kati ya bara letu na India kulikuwa na bara dogo katikati ya bahari, wamelipa jina Azania, mabaki yake yako Madagaska ya kati na Somalia na labda Yemen. Kwa hesabu hiyo migongano ni miwili: Azania iligonga upande wetu kwenye miaka milioni 650 mpaka 620, halafu India ikaja kwenye 550 hivi. Wengine wanasema hakuna Azania, ni ukingo mmoja ulionyooka na kukunjika. Kama ni migongano miwili basi zirkoni za Karamoja zinapaswa kuwa na maganda mawili.

#37 Nakato_KLA
Au ganda moja nene kwa sababu ule wa pili ulikuwa mbali mno haukupasha moto mpaka huku.

#38 Afande_Mstaafu
Na leo je? Vita imeisha au bado kuna sehemu wanagongana?

#39 Msafiri_Vancouver
Wanagongana tu afande. Taiwan ni mstari wa visiwa vya volkano unaoingia Asia sasa hivi, bamba linakuja sentimita kama 8 kwa mwaka na milima yake bado inapanda. Japani, rasi ya Izu ilikuwa kisiwa cha volkano kikakwama kwenye kisiwa kikubwa cha Honshu. Na wakiachana, si lazima kila mtu arudi na chake. Chini ya Florida wakichoronga kisima kirefu wanakuta mawe ya Afrika Magharibi, Atlantiki ilipofunguka kipande chetu kikabaki kwao.

#40 Boda_Mbale
Hicho kipande turudishiwe. Na kodi.

#41 DerevaWaMalaba
Na sisi si tunapasuka? Nilisikia Kenya ufa umekata barabara.

#42 NyundoNaDira
Huo wa barabara ulikuwa zaidi mvua na majivu laini, watu walikuza. Ufa wa kweli unafunguka milimita chache kwa mwaka. Ila kuna kitu kitamu: kati ya mikono miwili ya bonde la ufa kuna bamba dogo la Victoria, Uganda karibu yote imo, na vipimo vya GPS vinaonyesha linazunguka kinyume cha saa, wenzake hawazunguki hivyo. Sababu inayotajwa ni kwamba lina kiini kigumu cha kale na kingo zake ni mishono dhaifu, zikiwemo hizi tunazobishania, kwa hiyo nyufa zinapita kwenye mishono na kiini kinazungushwa katikati. Nchi inapochanika inachagua pale iliposhonwa.

#43 Boda_Mbale
Ndo maana ukinywa malwa nyumba inazunguka. Sayansi imethibitisha.

#44 Opio_Gulu
Turudi kwa Aswa, msinikimbie. Mimi nataka niyaone hayo mawe yaliyosagwa. Kuna daraja la Aswa barabara ya Gulu kwenda Kitgum, Jumamosi nakwenda na rafiki mwenye pikapu. Nyundo twende?

#45 NyundoNaDira
Nipo. Beba maji, na kofia. Tafuta mahali mto umeosha jiwe, utaona mistari myembamba imepangana wima na vipunje vyeupe vimevutwa mikia. Kama mikia inaonyesha kuteleza kushoto, hoja yangu. Kama inaonyesha kubanwa tupu, tutakaa chini tuongee.

#46 Opio_Gulu
Na kama yote mawili?

#47 MzeeWaArua
Yatakuwa yote mawili. Niletee kipande kimoja, usikioshe, na andika umekitoa upande gani wa mto na uso upi ulikuwa juu. Vijana wa siku hizi mnaleta mawe hayana mshale wa kaskazini halafu mnataka kupima mikia.

#48 NyundoNaDira
Sawa mzee. Nitakuja na rangi ya kuchora mshale. Mafuta ya gari nani anachangia?